Jinsi ya Kutambua Sehemu Halisi na Zilizobadilishwa Kwenye Bunduki za Zamani za Uwindaji: Mwongozo Kamili kwa Mauser za Safari za Afrika Mashariki

Bunduki nyingi za uwindaji zilizoingia Kenya, Uganda na Tanganyika kati ya mwaka 1898 na miaka ya 1960 zilikuwa za ukoo mmoja: mtambo wa Mauser uliotengenezwa Oberndorf nchini Ujerumani, ukapelekwa London au Birmingham, na huko mafundi wa Rigby, Holland & Holland, Westley Richards au Jeffery wakaufungia mtutu, kitako na vilengeo. Bunduki hizo zilifanya kazi ngumu. Zilibebwa juani na mvuani, zikapigwa risasi zenye fataki (kiwashio kidogo kitakoni mwa ganda) zinazokula chuma, zikaangushwa, zikavunjika na kutengenezwa na fundi yeyote aliyekuwa karibu. Ndiyo maana iliyobaki jinsi ilivyotoka dukani ni adimu, na anayetaka kununua, kurithi, kuuza au kuorodhesha mojawapo anapaswa kujua kipi kilizaliwa nayo na kipi kiliongezwa baadaye.

Msimamo wangu ni kwamba sehemu iliyobadilishwa si kosa kwa sababu tu imebadilishwa. Mtutu uliowekwa na mtengenezaji mwenyewe mwaka 1928, ukapigwa mihuri upya na kuandikwa daftarini, ni sehemu ya historia ya bunduki hiyo. Tatizo huanza pale mtutu wa mwaka 1970 unapouzwa kana kwamba ni wa 1912. Kazi ya mkaguzi basi ni kupanga ushahidi wa chuma, mbao, mihuri na namba, na kuona kama vyote vinasimulia habari moja.

Kabla ya kugusa chochote

Toa risasi zote, fungua komeo, tazama kwa macho na uingize kidole cha mwisho kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kuhakikisha ni tupu, hata kama mwenye bunduki amekuapia kuwa haina kitu. Kisha tazama kibali. Nchini Tanzania umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114; kote kuwili namba iliyo kwenye karatasi inapaswa kulingana na namba iliyo kwenye chuma. Ikiwa hailingani, simamisha ukaguzi na umwachie mmiliki alimalize suala hilo na mamlaka ya leseni. Fanya ukaguzi mbele ya mwenye kibali, si kwa kuichukua bunduki ya mtu ukaende nayo nyumbani.

Vifaa ni vichache: kioo cha kukuzia mara kumi, tochi ndogo yenye mwanga mkali, kalipa, kitambaa cha pamba, mafuta mepesi, daftari, na simu ya kupigia picha. Bisibisi ni suala jingine. Skrubu za bunduki ya Kiingereza zina mfereji mwembamba mno, na bisibisi ya kawaida ya dukani, ambayo ncha yake imechongwa kama kabari, itateleza na kuacha kovu lisilofutika. Kama huna bisibisi iliyochongwa kwa kipimo cha mfereji huo, usifungue kitu. Theluthi mbili ya ushahidi huonekana bila kufungua chochote.

Majina ya sehemu yanayotumika hapa ni haya. Bodi ni chuma kikuu cha katikati, ambacho mtutu umefungwa kwa hesi mbele yake na ambacho komeo hupita ndani yake. Komeo ni chuma kinachosukumwa mbele kuingiza risasi na kuvutwa nyuma kutoa ganda. Kasha la risasi liko chini ya bodi, na kitako ni mbao yote kuanzia begani hadi chini ya mtutu.

Hatua ya kwanza: namba, na kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya

Mtu anayekagua bunduki hizi kwa mara ya kwanza hukuta namba moja kwenye bodi na nyingine kwenye ulimi wa chuma wa kilinda kifyatulio, akaamua papo hapo kwamba sehemu zimechanganywa. Asiharakishe. Mauser iliyokamilishwa Uingereza kwa kawaida ina namba mbili: ya kiwanda cha Oberndorf, iliyopigwa kwenye mtambo wa Kijerumani, na ya mtengenezaji wa London au Birmingham, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye daftari lake la mauzo. Rigby, kwa mfano, alikuwa wakala wa Mauser nchini Uingereza kuanzia mwaka 1898 hadi 1912, na bunduki zake za kipindi hicho hubeba namba za pande zote mbili.

Kinachotakiwa ni kila mfululizo ulingane wenyewe kwa wenyewe. Tafuta namba ya Oberndorf kwenye bodi, kisha ulinganishe na ile iliyo kwenye shina la mkono wa komeo. Komeo ndicho kitu cha kwanza kupotea katika maisha ya bunduki, kwa sababu hutolewa kwa sekunde mbili, huhifadhiwa mbali na bunduki kwa usalama, na husahaulika kwenye droo ya mtu mwingine. Namba ya komeo isiyolingana na ya bodi ni dalili nzito ya ubadilishaji, na ni suala la usalama pia: nafasi kati ya uso wa komeo na kitako cha ganda ilipimwa kwa komeo lililozaliwa na bodi ile. Bunduki ya namna hiyo isipigwe hata risasi moja kabla fundi mwenye vipimo vya chemba hajaipima.

Angalia pia umbo la namba zenyewe. Kila kiwanda kilikuwa na chapa zake, na tarakimu 4 au 7 ya Kijerumani haifanani na ya Kiingereza. Namba iliyopigwa kwa mkono, yenye tarakimu zilizoyumba juu na chini ya mstari mmoja, kwenye chuma kilichosuguliwa kidogo kuliko kinachokizunguka, imepigwa baadaye ili sehemu ya kigeni ifanane na nyingine. Pitisha ukucha juu ya eneo hilo. Kibonde kidogo unachokihisi ndipo namba ya zamani ilipoondolewa.

Hatua ya pili: mihuri ya majaribio

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo anayejua hutengana na anayekisia. Kila bunduki iliyouzwa kihalali Uingereza ilipaswa kupigwa risasi za majaribio zenye nguvu kuliko za kawaida, London au Birmingham, na kupigwa mihuri. Ujerumani nayo ilikuwa na sheria yake. Kwa kuwa mihuri ilibadilika kadiri sheria zilivyobadilika, inakuambia mtutu ulijaribiwa lini hata kama muuzaji hajui au hataki kusema.

Mihuri ya Kijerumani ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ni taji dogo juu ya herufi: B, U na G, ambapo G huonyesha mtutu wenye mifereji ya kuzungusha risasi, huku N yenye taji ikija baadaye kwa baruti isiyo na moshi. Mara nyingi karibu nayo kuna tarakimu za mwezi na mwaka, kama 3.12 kwa Machi 1912. Kuanzia mwaka 1940 taji lilipisha tai. Kwa hiyo bunduki inayodaiwa kuwa ya mwaka 1911, ambayo mtutu wake una tai juu ya N, ina mtutu uliojaribiwa katika zama za vita au baada yake.

Upande wa Uingereza, London ilitumia herufi GP zilizofumwa pamoja chini ya taji na V yenye taji, huku Birmingham ikitumia BP na BV kuanzia mwaka 1904. NP, yaani jaribio la baruti isiyo na moshi, nayo ni ya tangu 1904. Mtutu wa kipindi hicho huandikwa pia aina ya baruti, kwa kawaida kodaiti, pamoja na uzito wa baruti na wa risasi kwa greni. Kisha zikaja kanuni za mwaka 1954, ambazo ziliacha uzito wa baruti na kuandika shinikizo kwa tani kwa kila inchi ya mraba. Birmingham nayo ikaanza kutumia BNP chini ya taji. Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: ukiona neno “tons” kwenye mtutu, jaribio hilo ni la baada ya 1954, hata kama maandishi ya jina la duka yanaonekana ya kale.

Alama nyingine mbili zinafaa kukumbukwa. R chini ya taji ni alama ya kujaribiwa upya, na maana yake ni kwamba kuna kazi kubwa iliyofanyika: mtutu mpya, chemba iliyochongwa upya, au ukarabati wa bodi. Maneno “NOT ENGLISH MAKE” yalipigwa kwenye silaha za kigeni zilizojaribiwa Uingereza tangu 1925 hadi kanuni za 1954, kwa hiyo yanakufungia tarehe pande zote mbili.

Soma mihuri ya mtutu na ya bodi kwa pamoja. Mihuri ikiwa ya kipindi kimoja sehemu zote mbili, mtutu na bodi viliolewa siku moja. Bodi ikiwa na mihuri ya zamani na mtutu ukiwa na mipya tu, umepata mtutu uliobadilishwa kwa utaratibu. Mtutu usio na muhuri wowote umewekwa nje ya utaratibu huo, pengine katika karakana ya mtu binafsi, na unapaswa kutazamwa kwa wasiwasi.

Hatua ya tatu: mtutu wenyewe

Sababu za mitutu mingi ya Afrika Mashariki kubadilishwa ni za kikemia na za kibiashara. Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Lindi usiku mmoja bila kuosha mtutu kwa maji ya moto ulitosha kuanzisha kutu. Kodaiti nayo huwaka kwa joto kali na kula koo la mtutu. Halafu, kuelekea miaka ya 1970, risasi za kampuni ya Kynoch za kaliba (kipimo cha risasi) kubwa za Kiingereza zilipoadimika, wenye bunduki za .318, .425 au .404 walijikuta na silaha isiyo na chakula, na wengi wakaona afadhali kufunga mtutu wa kaliba ya Kimarekani kama .458 Winchester, ambayo ilitoka mwaka 1956.

Kaliba basi ni shahidi. .404 ya Jeffery, iliyotumiwa sana na idara za wanyamapori za Afrika Mashariki, .318 na .425 za Westley Richards, .416 ya Rigby ya mwaka 1911, .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912, na .275 ya Rigby, ambayo ni ileile 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza, zote ni kaliba ambazo bunduki ya kabla ya vita ingeweza kuzaliwa nazo. .458 Winchester kwenye bunduki yenye anwani ya kabla ya vita haiwezekani kuwa ya asili.

Anwani hiyo nayo isomwe. Holland & Holland walikuwa 98 New Bond Street hadi mwaka 1960, kisha wakahamia Bruton Street. Rigby za mwanzo zina 72 St James's Street na za baadaye 43 Sackville Street. Anwani isiyolingana na kipindi cha mihuri inadai maelezo. Usishtuke, hata hivyo, ukikuta jina la Shaw & Hunter au Charles Heyer wa Nairobi. Hao walikuwa wauzaji wa bunduki, na jina lao linaonyesha ilikouzwa bunduki, halitoshi kuthibitisha kwamba mtutu umebadilishwa.

Sasa weka kioo cha kukuzia juu ya herufi. Mchoro wa mkono una umbo la V, kina chake hupanda na kushuka kadiri mkono wa fundi ulivyosukuma, na mwisho wa kila mstari hunyanyuka kwa ncha nyembamba. Herufi iliyopigwa kwa chapa huvimbisha chuma pembeni mwake. Herufi iliyokatwa na mashine ya kisasa ina sakafu bapa na kina kilekile toka mwanzo hadi mwisho, na hiyo si kazi ya mkono. Kisha tazama kingo. Kingo zikiwa kali, uso wa mtutu haujasuguliwa. Zikiwa zimelainika na sehemu nyembamba za herufi zimefifia wakati zile pana bado zinasomeka, mtutu umepigwa msasa na kupakwa rangi upya.

Rangi yenyewe inasema mengi. Mitutu ya Kiingereza ilitiwa weusi kwa kutu ya polepole, kazi ya siku kadhaa ya kutia kutu, kuchemsha na kukwangua, na matokeo yake ni weusi laini usiong'aa sana, wenye kivuli cha kahawia pale unapochakaa. Weusi wa chumvi za moto, ulioenea tangu miaka ya 1940, hung'aa, huingia sawasawa hata kwenye mashimo ya skrubu, na kwenye baadhi ya vyuma hugeuka zambarau baada ya muda. Mtutu mweusi wa kung'aa uliofungwa kwenye bodi yenye rangi ya kale iliyofifia haukukaa nayo miaka 100.

Mwisho, tazama mtutu unavyokaa kwenye mbao. Mfereji wa mbao ulichongwa kwa mtutu mmoja tu. Nafasi pana upande mmoja na finyu upande mwingine, au mfereji uliopanuliwa kwa msasa hadi mbao ya ndani ikaonekana nyeupe, inamaanisha mtutu mnene zaidi umelazimishwa humo. Bunduki ikiwa imefunguliwa, tafuta chini ya kiungo cha mtutu na bodi mstari mwembamba uliochorwa kupita sehemu zote mbili. Nusu mbili za mstari huo zikiwa zimepishana, mtutu umewahi kufunguliwa.

Hatua ya nne: bodi na komeo

Baada ya mwaka 1945 kiwanda cha Oberndorf kilikuwa chini ya Wafaransa na kikabomolewa, kwa hiyo watengenezaji wa Kiingereza walihitaji mitambo kutoka kwingine. Walitumia Mauser za kijeshi zilizobaki vitani, mitambo ya FN ya Ubelgiji, Brevex ya Ufaransa kwa kaliba ndefu, na bodi za Pattern 14 za Enfield. Hakuna ubaya wowote katika mitambo hiyo, ila haiwezi kuwa ya kabla ya vita ikiwa imetengenezwa baada yake.

Bodi ya kijeshi hujitambulisha kwa pengo la kidole gumba kwenye ukuta wa kushoto, lililochongwa ili askari asukume risasi kutoka kwenye klipu, na kwa mfereji wa klipu juu ya daraja la nyuma, yaani sehemu ya nyuma ya bodi inayopita juu ya komeo. Bodi nyingi za kibiashara za Oberndorf hazina pengo hilo. Aliyetaka kuficha asili ya kijeshi alisaga nembo iliyo juu ya pete ya mbele, yaani sehemu ya bodi mtutu unapofungwa. Ilaze bodi usawa wa jicho, mwanga utoke ubavuni, na utaona mviringo wa pete umepata ubapa kidogo hapo juu.

Mkono wa komeo unahitaji dakika zake. Mkono wa asili ungegonga darubini iliyowekwa chini, kwa hiyo mamia ya mikono ilikatwa na kuchomelewa upya miaka ya 1950 na 1960. Futa shina la mkono kwa kitambaa chenye mafuta, kisha acha mafuta yakauke kidogo: mshono wa kuchomelea hujitokeza kama pete nyembamba ya rangi tofauti, na mara nyingine kuna vitundu vidogo kama vya sindano ndani yake. Kifungio cha usalama ni vilevile. Kile cha asili husimama wima juu ya komeo kama bendera; kile kifupi cha pembeni kiliwekwa kwa ajili ya darubini.

Kifyatulio chenye kasha lake na skrubu za kurekebisha uzito wa mvuto ni cha baada ya vita. Springi zisikusumbue, kwani ni kitu cha kuchakaa na kubadilishwa, na hakuna mnunuzi mwenye akili atakayepunguza bei kwa sababu ya springi. Ndoana ndefu ya kuchomolea ganda, iliyo ubavuni mwa komeo, hubadilishwa pia mara kwa mara. Ya asili inakaa bila kucheza na rangi yake inalingana na ya komeo.

Hatua ya tano: kasha la risasi

Bonyeza kitasa cha sahani ya chini na uangalie ndani. Kasha lilitengenezwa kwa urefu wa risasi moja mahususi. Ukikuta kipande cha chuma kimefungwa nyuma au mbele ili kufupisha kasha, bunduki hiyo imehamishiwa kaliba fupi kuliko iliyozaliwa nayo, na kipande hicho kinathibitisha hilo hata pale ambapo mtutu umepambwa vizuri. Kinyume chake, ukuta uliokatwa kwa tupa ili risasi ndefu iingie ni kazi ya baadaye na ni ya kutilia shaka, kwa sababu huenda umepunguza chuma kinachobeba nguvu ya mlipuko.

Hatua ya sita: kitako

Mbao ya asili ni mjozi wa Ulaya, uliopakwa mafuta mpaka ukapata giza lake. Kitako cha mninga au mkangazi hakikutoka London, kiwe kizuri namna gani. Vitako vilibadilishwa kwa sababu ya ufa nyuma ya bodi unaotokana na msukumo wa kaliba kubwa, kwa sababu ya mchwa na unyevu, na kwa sababu wamiliki wafupi na warefu walinunua bunduki za wenzao.

Anzia mahali mbao inapokutana na chuma. Fundi wa Kiingereza aliacha mbao ipande juu ya chuma kwa unene wa karatasi, ili ibaki nafasi ya kuisugua siku za usoni. Mbao ikiwa chini ya usawa wa chuma, imeshasuguliwa zaidi ya mara moja. Ikiwa imepanda kwa usawa kuzunguka pote, na wakati huohuo chuma kimechakaa sana, jiulize kwa nini mbao ilibaki changa wakati chuma kilizeeka. Uchakavu lazima ulingane. Bunduki iliyobebwa begani na kwa mkono kwa miaka mingi huchakaa mahali palepale kwenye mbao na kwenye chuma: chini karibu na kasha la risasi, mahali mkono unaposhika wakati wa kutembea.

Michoro ya mistari iliyopishana kwenye sehemu za kushikia ina vilele vidogo vya umbo la almasi. Ile ya mkono ina mistari iliyonyooka lakini isiyo sawa kabisa chini ya kioo. Iliyochongwa upya huonyesha mistari miwili karibu karibu pale chombo kipya kilipokosa njia ya zamani. Ncha ya mbele ya kitako, mara nyingi ya pembe ya nyati, hupasuka na kubadilishwa kwa plastiki nyeusi. Pembe ina nyuzi na mawingu ya rangi ndani, plastiki haina kitu.

Nyuma ya kitako kuna sahani ya pembe au chuma, au pedi ya mpira. Pedi nyekundu ya mpira inaweza kuwa ya asili kwenye kaliba kubwa, lakini pedi iliyoongezwa humlazimu fundi kukata mbao. Pima toka kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako. Bunduki za Kiingereza za watu wazima huwa kwenye inchi 14 na zaidi kidogo. Pungufu kubwa maana yake kitako kimekatwa. Ukiruhusiwa kuondoa sahani hiyo, tazama chini yake: mashimo ya skrubu yaliyozibwa kwa vijiti, au namba ya bunduki iliyopigwa kwenye mbao, vyote ni ushahidi wa daraja la kwanza. Gundi ngumu ya kisasa iliyomwagwa chini ya bodi ili kuikalisha ni ya nusu ya pili ya karne ya ishirini.

Jicho la mkanda la mbele nalo litazamwe. Kwenye bunduki za Kiingereza za kaliba kubwa limefungwa kwenye mtutu, mbele ya mbao, ili lisiumize mkono bunduki inaporuka. Jicho lililofungwa kwenye mbao, likiwa na shimo kuukuu kwenye mtutu lililojazwa chuma, linaonyesha mabadiliko.

Hatua ya saba: vilengeo, matundu na skrubu

Kilengeo cha nyuma cha asili ni safu ya majani ya chuma, moja limesimama na mengine yanakunjwa, yakiwa yameandikwa 100, 200, 300 kwa yadi na kuwekewa mstari wa dhahabu au platinamu. Kilengeo cha mbele kina shanga ya pembe ya ndovu, na mara nyingine shanga kubwa nyeupe ya kukunjua kwa mwanga hafifu. Msingi wake kwa kawaida ulichomelewa kwa madini ya risasi na bati bila skrubu yoyote kuonekana. Msingi uliokazwa kwa skrubu mbili za kichwa kipana ni wa baadaye.

Hesabu matundu juu ya bodi. Matundu ya darubini yaliyotobolewa kwa keekee ndiyo uharibifu wa kawaida kuliko wote, na tundu linapopita katikati ya herufi ya jina au ya muhuri hakuna ubishi kuwa limekuja baadaye. Matundu yaliyozibwa huonekana kama duara jepesi rangi inapochakaa.

Kuhusu skrubu, fundi wa London aliumiza macho ili mifereji ya vichwa vyote ielekee upande mmoja, sambamba na mtutu, na akachora maua madogo kuzunguka kichwa. Skrubu yenye mfereji mpana, isiyo na mchoro kati ya zenye mchoro, au inayosimama mshazari wakati nyingine zimenyooka, imebadilishwa au imefunguliwa na asiyejua.

Winchester za Kimarekani kwa ufupi

Bunduki ya Kimarekani utakayoikuta mara nyingi zaidi katika nyumba za wawindaji wa zamani ni Winchester Model 70 ya .375 au .458. Toleo linalotafutwa ni la kuanzia 1936 hadi 1963. Ukaguzi wake ni rahisi: chini ya mtutu, ukiutoa kwenye mbao, kuna tarakimu mbili za mwaka wa mtutu, namba ya bunduki imeandikwa kwa kalamu ya umeme chini ya komeo, na muhuri wa WP ndani ya yai uwepo kwenye mtutu na kwenye bodi. Daraja la nyuma la zile za kabla ya Vita Kuu ya Pili halikutobolewa kiwandani, kwa hiyo matundu hapo ni ya karakana. Tarakimu za mwaka wa mtutu zikitangulia kidogo mwaka wa bodi ni kawaida, kwani mitutu ilikaa stoo. Zikichelewa kwa miaka mingi, mtutu umebadilishwa.

Hatua ya nane: kuandika na kuuliza daftari

Piga picha kila muhuri na kila namba, mwanga ukitoka ubavuni. Kisha andika kila sehemu kwenye mstari wake na uipe mojawapo ya maelezo manne: ya asili, ya kipindi kile lakini si ya bunduki hii, mbadala wa baadaye, haijathibitika. Usiogope neno la mwisho. Ripoti yenye “haijathibitika” tano ina thamani kuliko yenye “ya asili” kumi na tano zilizoandikwa kumfurahisha muuzaji.

Daftari la mtengenezaji ndilo linalofunga mjadala. Rigby, Holland & Holland na Westley Richards bado zipo na hujibu maswali ya namba kwa malipo. Tuma namba ya mtengenezaji, si ya Oberndorf, pamoja na picha za mihuri, anwani iliyo kwenye mtutu na kaliba ya sasa. Uliza mambo mahususi: bunduki iliuzwa kwa kaliba gani, mtutu wa urefu gani, vilengeo vya aina gani, na kama ilirudi kufanyiwa kazi. Jina la mnunuzi wa kwanza likija ndani ya jibu ni ziada njema, na ndilo pekee litakalokubaliwa kama muuzaji anadai kuwa bunduki yake ya .275 ilipita mikononi mwa mwindaji mashuhuri wa tembo W. D. M. Bell kule Karamoja, Uganda. Madai hayo ni mengi, na Bell hakuwa na bunduki za kumtosha kila anayedai.